Seti ya Balsa ya Vampire yenye Feni ya Milimita 70: Ukataji wa Hali ya Juu, Mkia Mzito

Watu wengi wanaotaka ndege ya jeti ya kuongozwa kwa rimoti siku hizi hununua ya povu, hufunga skrubu chache, huchaji betri na kwenda uwanjani. Seti ninayoitathmini hapa ni ya namna nyingine kabisa. Ndani ya sanduku lake refu mna mbao za balsa na plaiwudi zilizokatwa kwa leza, karatasi mbili kubwa za michoro ya ukubwa kamili, kifuniko cha plastiki angavu cha chumba cha rubani na kijitabu cha maelekezo, vyote kwa ajili ya kujenga mfano wa de Havilland Vampire, ndege ya kivita ya jeti ya Uingereza, kwa kipimo cha 1:10, yenye upana wa sentimita 116 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine na feni ya umeme yenye kipenyo cha milimita 70 iliyofichwa tumboni ili kuisukuma. Mota, feni, kidhibiti mwendo, servo (mota ndogo zinazosogeza sehemu za usukani), risiva (kipokezi cha mawimbi ya rimoti) na betri hununuliwa kando. Jina la mtengenezaji silitaji, kwa kuwa dosari nitakazozieleza nimezikuta pia katika seti za wengine, na anayejenga jeti yoyote ya balsa yafaa azitarajie. Kwa ufupi, ukataji wake ni wa hali ya juu na usanifu wa bawa ni wa kusifiwa, lakini aliyeipanga seti hii amelijali umbo kuliko uzito, hasa uzito wa mkia, na jeti ndogo ya feni hailisamehe kosa hilo.

Uchaguzi wa Vampire ni wa busara, na sababu yake ni ileile iliyowaongoza wahandisi wa ndege yenyewe. Vampire iliruka kwa mara ya kwanza nchini Uingereza tarehe 20 Septemba 1943, wakati injini za jeti zilikuwa bado dhaifu, na bomba refu la kutolea hewa lingepunguza msukumo ambao tayari ulikuwa haba. Kwa hiyo mwili ulifupishwa ukawa na umbo la yai, bomba likaishia nyuma tu ya mabawa, na mkia ukabebwa na mihimili miwili iliyotoka kwenye mabawa hayo. Feni ya umeme ina udhaifu uleule, kwani kila sentimita ya bomba huila nguvu yake kwa msuguano, na ndiyo maana jeti za mfano zenye mwili mrefu na mwembamba, hata ziwe za kupendeza namna gani, mara nyingi huruka kwa kujikokota. Mjenzi wa balsa ana sababu nyingine ya kuipenda: mwili wa Vampire halisi ulijengwa kwa balsa iliyobanwa kati ya matabaka ya plaiwudi, ufundi ambao kampuni ya de Havilland iliutumia pia katika ndege yake ya kivita ya Mosquito, ilhali mabawa, mihimili na mkia vilikuwa vya metali. Ndege nyingi za balsa huigiza metali kwa mbao, lakini mwili wa hii unaigiza mbao kwa mbao.

Kabla ya kuingia katika ujenzi, lazima niseme jambo kuhusu mbao, kwa sababu thamani ya seti ya aina hii iko humo zaidi kuliko katika michoro. Balsa si bidhaa yenye sifa moja. Mti wake, ambao mashamba yake makubwa yako Ekuado, hukua kwa kasi, na mbao zake zinaweza kuwa na uzito wa kilo 100 kwa mita ya ujazo au zikavuka kilo 240. Ubao wenye unene wa milimita 1.5, upana wa milimita 75 na urefu wa milimita 915 unaweza kuwa na gramu 10 au gramu 25, na kwa macho matupu tofauti hiyo haionekani. Namna gogo lilivyopasuliwa nayo ina athari yake. Ubao uliopasuliwa sambamba na duara za ukuaji hukubali kukunjwa kuzunguka mwili wa ndege bila kupasuka, ilhali ule uliopasuliwa kuelekea kiini cha mti, wenye madoadoa yanayong'aa usoni, ni mkakamavu na huvunjika ukilazimishwa kupinda, kwa hiyo unafaa kwa mbavu, yaani vipande vinavyolipa bawa umbo lake. Seti nzuri huweka kila ubao mahali pake, na seti mbovu huchanganya tu.

Katika hili seti ya Vampire imefaulu nusu. Mbavu zote zimekatwa kutoka kwenye mbao zenye madoadoa, kavu na kakamavu, na sikuona hata moja iliyopinda. Mbao za kufunikia mwili ni laini na zilikunjika vizuri baada ya kulowanishwa kwa maji ya moto yaliyotiwa amonia kidogo. Mbao za mkia, hata hivyo, ni jambo la kushangaza. Nilipozipima na kukokotoa, uzito wake ulikaribia kilo 200 kwa mita ya ujazo, kana kwamba zilizobaki ghalani baada ya sehemu nyingine kukatwa ndizo zilizopelekwa huko nyuma. Mkia wa ulalo na mapezi mawili ya wima vimekatwa kutoka kwenye ubao mgumu wa milimita 5 bila hata tundu la kupunguza uzito, na kwa pamoja vina gramu 55 hivi. Nilivikata upya, kwa kufuata vipande vya seti kama vigezo, kutoka kwenye balsa ya kilo 110 kwa mita ya ujazo, na uzito ukashuka hadi gramu 30.

Anayeziona gramu 25 kuwa ni jambo dogo aangalie mchoro kutoka ubavuni. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito mara mbili na zaidi kuliko pua ilivyo mbali nacho, na kwa hiyo kila gramu inayoongezwa nyuma hudai gramu mbili au zaidi za madini ya risasi mbele ili ndege ikae sawasawa. Gramu 25 za mkia ni zaidi ya gramu 50 za risasi puani, na jumla yake ni uzito ambao hauchangii chochote isipokuwa kuongeza mwendo wa kutua. Kijitabu chenyewe kinaelekeza kuwekwa kwa servo ya elevata, kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua, kwenye mzizi wa mkia, eti ili kijiti chake cha kusukumia kiwe kifupi. Hapana. Servo hiyo iwekwe ndani ya bawa, mahali mhimili wa mkia unapoanzia, kisha kijiti chembamba cha nyuzi za kaboni kipitishwe ndani ya mhimili hadi kwenye elevata, kikishikwa na vipande vidogo vya bomba la plastiki ili kisipinde kinaposukumwa. Kazi hiyo ni ya jioni moja, nayo huondoa gramu nyingine mahali zinapoumiza zaidi.

Ukataji wa leza hauna lawama. Vipande viliingiana bila kulazimishwa, na ndimi za fremu ziliingia katika matundu yake kwa mkazo unaotosha kushikilia mwili wote ukiwa mkavu, hivyo mjenzi anaweza kuhakiki unyoofu kabla ya kutia tone la gundi. Tahadhari ni moja tu: leza huacha ukingo ulioungua, na gundi ya mbao haipenyi vizuri penye masizi, kwa hiyo kila ukingo utakaobeba mzigo, hasa wa plaiwudi, upitishwe msasa kidogo. Kwa gundi nashauri uvumilivu. Gundi ya papo kwa papo ni ya manufaa kwa kushikiza mbavu, lakini kwenye viungo vya mbao za kufunikia hukauka ikawa ngumu kuliko balsa yenyewe, na msasa ukipita hapo hula mbao pande zote mbili na kuacha tuta katikati. Gundi ya mbao ya kawaida hukubali msasa. Epoksi ibaki kwa kiungo cha mabawa, sehemu inayobeba feni na vibao vya magurudumu, basi.

Bawa ndilo sehemu iliyonifurahisha zaidi. Kila ubavu umeachiwa mguu mdogo chini yake, na miguu hiyo imekatwa kwa urefu unaotofautiana ili, bawa likiwa limelazwa juu ya ubao wa kujengea ulionyooka, ncha yake ipinde yenyewe nyuzi 2 kuelekea chini upande wa mbele. Msokoto huo ni wa lazima kwa bawa linalopungua upana kama la Vampire, kwa sababu bila huo ncha ndiyo hupoteza uwezo wa kubeba kwanza mwendo unapopungua, na ndege hujipindua ubavu bila kutoa onyo. Wajenzi wengi huupata msokoto kwa kukisia na kuweka vipande vya mbao chini ya ukingo wa nyuma, kisha mabawa mawili hutofautiana. Hapa mtengenezaji amelifanya kosa hilo kuwa gumu kutokea. Mihimili ya ndani ya bawa ni ya msonobari mwepesi juu na chini, iliyounganishwa kwa vibao vya balsa vyenye nyuzi za wima, na nilipolishika bawa kwa ncha zake na kujaribu kulisokota baada ya kufunikwa, lilikataa.

Njia ya hewa ni habari nyingine, na hapa kijitabu kinapita haraka kupita kiasi: aya mbili tu kwa kitu ambacho ndicho injini yenyewe. Feni ya milimita 70 yenye kitovu cha milimita 30 ina eneo la kupitisha hewa la takribani milimita za mraba 3,140. Bomba la kutolea hewa katika seti hii linaishia na kipenyo cha milimita 60, ambacho ni asilimia 90 ya eneo hilo, na huo ni uamuzi mzuri kwa ndege inayotakiwa kuwa na kasi ya wastani na nguvu ya kupanda. Tatizo liko mbele. Milango ya hewa iliyo kwenye mizizi ya mabawa imefuata kipimo cha ndege halisi, na nilipoipima yote miwili kwa pamoja nilipata kama milimita za mraba 2,400, yaani karibu robo chini ya eneo la feni. Tena hewa ikishaingia huachwa izurure ndani ya mwili, kati ya fremu, nyaya na betri, hadi ifike kwenye feni. Feni inayonyonya hewa iliyokwisha kuvurugwa hupiga kelele ya kukoroma, hula ampea zilezile na kutoa msukumo mdogo.

Tiba zipo mbili, na seti inazitaja kwa kunong'ona tu. Ya kwanza ni tundu la ziada chini ya tumbo, mbele kidogo ya feni, ambalo mchoro unalionyesha kwa mistari ya nukta bila kusema lina umuhimu gani. Likatwe. Halionekani ndege ikiwa hewani, nalo hurudisha eneo lililokosekana. Ya pili ni kujenga kuta nyepesi za balsa ya milimita 1 kutoka kila mlango hadi kwenye feni, zikiwa na kona za mviringo na uso wa ndani uliopakwa vanishi na kusuguliwa, ili hewa ya kushoto na ya kulia ikutane taratibu badala ya kugongana. Pete ya mviringo inayokaa kwenye mdomo wa feni imo sandukuni, na ni kosa kuiacha kwa sababu ya gramu zake chache, maana hewa haiwezi kugeuka penye ukingo mkali bila kuachana nao. Bomba la nyuma hukunjwa kwa plaiwudi ya milimita 0.4. Kijitabu kinasema kingo zipandiane, lakini hilo huacha ngazi ndani ya bomba, na ni bora kingo zikutane uso kwa uso na utepe wa plaiwudi ubandikwe kwa nje.

Ufunikaji sitauzungumzia sana. Mabawa na mkia nilivifunika kwa plastiki inayosinyaa kwa joto la pasi, ambayo ni nyepesi na haihitaji rangi, na mwili wa mviringo niliuvika kitambaa cha faibaglasi cha gramu 25 kwa mita ya mraba kwa vanishi ya maji. Anayetaka kupaka rangi ndege yote aendelee, ila ajue kwamba rangi ni uzito, na kwamba mkono wa mpakaji huwa mkunjufu kuliko anavyodhani, hasa akifika mkiani.

Kwa umeme, nilitumia betri ya lithiamu polima ya seli nne, volti 14.8 na miliampea-saa 4,000, pamoja na kidhibiti mwendo cha ampea 70. Mota ikifunguliwa yote huvuta karibu ampea 50, ambazo ni kama wati 740, na kwa hesabu hiyo betri nzima ingeisha chini ya dakika 5. Kwa kuwa betri za aina hii huharibika zikikamuliwa hadi mwisho, na ni desturi njema kuacha asilimia 20, mwendo kamili mfululizo ungeruhusu chini kidogo ya dakika 4, na kupunguza mota katika sehemu kubwa ya safari huongeza dakika moja au mbili. Kijitabu kinataja dakika 8, dai ambalo sijui lilipatikana kwa feni gani. Chumba cha betri kina nafasi ya kutosha kuisogeza mbele na nyuma, jambo la manufaa wakati wa kupatanisha kitovu cha uzito, lakini umbali kutoka kwenye betri hadi kidhibiti mwendo huwa mrefu. Ikibidi kurefusha nyaya, zirefushwe zile za kati ya kidhibiti na mota, kwani nyaya ndefu upande wa betri husababisha mipigo ya volti inayoweza kukiunguza kidhibiti.

Ndege yangu iliyokamilika, ikiwa na betri, ilifikia kilo 1.4 dhidi ya kilo 1.25 zinazoahidiwa kwenye sanduku, na hii ni baada ya mkia kupunguzwa. Bawa lina eneo la desimita za mraba 24 hivi, kwa hiyo kila desimita ya mraba inabeba gramu 58. Si uzito wa kutisha kwa jeti ya feni, lakini huiondoa ndege hii mikononi mwa anayejifunza, na kuirusha kwa mkono si jambo la kuaminika. Seti inatoa vibao vya kufungia magurudumu matatu, na miguu mifupi iliyofuata kipimo cha Vampire hufaa kwenye lami tu. Penye nyasi, kamba ya mpira ya kurushia iliyofungwa kwenye kigingi ndiyo njia salama, na ndoano yake ifungwe kwenye fremu ya plaiwudi, kamwe si kwenye balsa.

Angani, Vampire hii inastahili sifa. Hugeuka kwa upana na utulivu, hupaa kwa pembe ya wastani bila kulalamika, na ikipita chini kwa kasi sauti yake, baada ya kuta za hewa kujengwa, ni mvumo mwembamba usiokoroma. Nilijaribu kuipunguza mwendo juu kabisa hadi ikaacha kubeba, nayo ikainamisha pua moja kwa moja bila kudondosha bawa, na hapo msokoto wa mbavu ulijieleza wenyewe. Anayetoka kwenye ndege za pangaboi ajihadhari na mambo mawili. Feni huchukua muda kufikia kasi yake, kwa hiyo mota haifai kuzimwa kabisa wakati wa kutua hadi magurudumu au tumbo liguse ardhi. Tena hakuna upepo wa pangaboi unaopita juu ya elevata, na kufungua mota ghafla ndege ikiwa polepole hakurudishi usukani mpaka mwendo urudi kwanza. Aliyezoea kujiokoa kwa mota ajizoeze kujiokoa kwa urefu wa kwenda juu.

Kuhusu huduma baada ya mauzo, mtengenezaji huuza karatasi moja moja za mbao zilizokatwa, hivyo aliyevunja mbavu tatu halazimiki kununua seti nzima, na michoro inaonyesha namba ya karatasi inayobeba kila kipande. Kifuniko cha chumba cha rubani, ambacho ni chembamba na hupasuka kwa urahisi kikikatwa kwa mkasi, hakiuzwi peke yake. Kikatwe kwa kukwaruzwa taratibu kwa ncha ya kisu, kikiwa kimejazwa mchanga ili kisipinde, na kingo zake zisawazishwe kwa msasa laini kabla ya kubandikwa kwa gundi isiyotoa moshi, kwa sababu mvuke wa gundi ya papo kwa papo huacha ukungu mweupe ndani ya plastiki usiofutika.